Wiki za mwanzo za janga: serikali ichague njia ipi?

Tarehe 31 Desemba 2019 mamlaka ya afya ya jiji la Wuhan, China, ilitangaza kwamba kuna watu wanaugua homa ya mapafu isiyojulikana chanzo chake. Siku hiyohiyo maofisa wa afya wa Taiwan walianza kuingia kwenye ndege zinazotoka Wuhan na kuwakagua abiria kabla hawajashuka. Ugonjwa huo, uliokuja kuitwa korona, haukuwa na jina, kipimo hakikuwapo, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama unaambukiza kutoka mtu hadi mtu. Serikali nyingine zilikuwa na tangazo lilelile mezani. Uingereza iliwaamuru wananchi wake wakae majumbani tarehe 23 Machi 2020, wiki 12 baadaye.

Kati ya hatua hizo mbili kuna njia nyingi zilizofuatwa, na leo zipo takwimu na ripoti za tume za kutosha kuzilinganisha. Nafanya hivyo hapa kwa sababu janga jingine litakuja, viongozi wataamua tena wakiwa na taarifa nusunusu, na mwananchi atahitaji kujua kama anachoamriwa kina mantiki au hakina. Natazama wiki 6 hivi za mwanzo. Baada ya hapo machaguo hubaki machache, na mengi yake ni machungu.

Kwanza, hesabu ya siku

Machi 2020, katika miji mingi ya Ulaya ambako hatua zilikuwa hazijachukuliwa, wagonjwa walikuwa wakiongezeka maradufu kila siku 3 hivi. Ukianza na wagonjwa 100, baada ya wiki moja wanakaribia 500, na baada ya wiki mbili wanapita 2,500. Tena hao 100 unaowahesabu leo waliambukizwa zamani kidogo: dalili huchukua kama siku 5 kujitokeza, zikapita siku nyingine kabla mtu hajaenda hospitali, kisha kuna kupimwa na kungoja majibu. Wanaofariki hufariki wiki 2 au 3 baada ya kuanza kuugua. Kwa hiyo serikali inayosubiri vifo ndipo ishtuke inashughulika na hali ya mwezi uliopita, huku ya leo ikiwa imeshaikimbia.

Juni 2020 Neil Ferguson, mtaalamu wa hesabu za magonjwa wa Imperial College London, aliieleza kamati ya Bunge la Uingereza kwamba kama nchi ingefungwa wiki moja mapema, vifo vya wimbi lile la kwanza vingepungua angalau kwa nusu. Wiki moja tu.

Jambo hili lilikuwa limeshaonekana karne moja nyuma. Tarehe 28 Septemba 1918, homa ya mafua ikiwa tayari imeingia Philadelphia, viongozi wa jiji waliacha gwaride la kuuza hati za mkopo wa vita liendelee, na watu wapatao 200,000 walijazana barabarani. St. Louis ilipowaona wagonjwa wake wa kwanza wa kiraia mapema Oktoba, ilichukua siku 2 kufunga shule, makanisa na kumbi za burudani. Watafiti waliokuja kulinganisha miji hiyo waligundua kwamba wiki mbaya kuliko zote ya Philadelphia ilikuwa na kiwango cha vifo mara 8 hivi ya wiki mbaya ya St. Louis.

Nayaweka haya mbele kwa sababu yanaathiri kila kinachofuata. Njia ileile, ikitumiwa tarehe tofauti, huwa ni njia tofauti kabisa.

Kufunga mlango wa nchi

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Novemba 1918. Meli iitwayo Talune iliondoka Auckland ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua na ikatia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, tarehe 7. Utawala wa kijeshi wa New Zealand, uliokuwa umevishika visiwa hivyo, uliwaruhusu abiria washuke. Katika wiki chache zilizofuata, kiasi cha mtu 1 kati ya kila watu 5 wa Samoa ya Magharibi alikufa. Jirani yake, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer aliweka karantini kali kwa vyombo vyote vinavyoingia, na wanavijiji wenyewe wakawa wanalinda fukwe zao. Huko homa ile haikuua mtu hata mmoja. Bahari ni moja, watu ni wa asili moja, ugonjwa ni uleule. Kilichotofautiana ni uamuzi wa bandarini.

Mtu akiishia hapo atasema basi, mipaka ifungwe. Ila Italia nayo ilifunga. Ilisitisha safari za ndege za moja kwa moja kutoka China mwishoni mwa Januari 2020, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya, lakini wasafiri wakaendelea kuingia kwa kupitia viwanja vya nchi nyingine, na virusi vilikuwa tayari vinasambaa Lombardia, jimbo la kaskazini mwa nchi, bila kuonekana. Marekani ilianza kuzuia wageni waliotoka China tarehe 2 Februari. Raia wake waliendelea kurudi, safari za Ulaya ziliendelea, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha baadaye kwamba maambukizi mengi ya New York yalipitia Ulaya.

Taiwan ilifunga na kufanya kazi nyuma ya mlango. Ilizuia barakoa kuuzwa nje ya nchi tarehe 24 Januari. Siku chache baadaye iliunganisha kumbukumbu za bima ya afya na zile za uhamiaji, hivyo mgonjwa alipotoa kadi yake ya bima hospitalini, daktari aliona papo hapo kwenye kompyuta kama mtu huyo ametokea Wuhan. Kuanzia tarehe 6 Februari barakoa ziligawiwa kwa mgao kupitia maduka ya dawa, kila mtu kwa kadi yake. Mwaka 2020 ulikwisha Taiwan ikiwa imepoteza watu 7 kati ya milioni 23 hivi, na haikuwahi kufungia nchi nzima ndani.

Katika kulinganisha nchi hizi, hukumu yangu ni kwamba mpaka hununua siku. Visiwa hununua nyingi, nchi yenye majirani kila upande hununua chache. Italia na Marekani zilizinunua hizo chache na kuziacha zipotee, kwani Februari yote ilipita bila vipimo vya kutosha, bila vifaa vya kujikinga vya kutosha kwa wauguzi, na bila mtu kuwatafuta wagonjwa wasiotoka China. Kiongozi anayetangaza kufunga mipaka aulizwe hapohapo: siku hizi utazitumia kufanya nini?

Kupima na kufuatilia

Korea Kusini na Marekani zilithibitisha wagonjwa wao wa kwanza karibu siku moja, tarehe 20 na 21 Januari 2020. Ni nadra kupata nchi mbili zilizoanza mbio kwenye mstari mmoja namna hiyo.

Tarehe 27 Januari, Korea ikiwa na wagonjwa 4 tu, maofisa wa afya waliwaita wawakilishi wa kampuni zaidi ya 20 za vifaa vya maabara kwenye chumba cha mikutano katika kituo cha treni cha Seoul. Waliwaambia: tengenezeni kipimo, nasi tutakiidhinisha haraka. Wiki moja baadaye kipimo cha kwanza kikaidhinishwa. Hivyo tarehe 18 Februari, alipogunduliwa mgonjwa wa 31 katika mji wa Daegu, mmoja wa waumini wa kanisa ambalo maambukizi yake yalikuwa yameshatapakaa, nchi ilikuwa na uwezo wa kupima maelfu ya watu kwa siku. Vituo viliwekwa barabarani: dereva anashusha kioo, anachukuliwa sampuli, anaondoka. Tarehe 29 Februari wagonjwa wapya walifika 909 kwa siku moja. Katikati ya Machi walikuwa wameshuka chini ya 100 kwa siku, na maduka hayakufungwa nchi nzima wala watu hawakuzuiwa kutoka.

Marekani ilitengeneza kipimo kimoja, cha taasisi yake ya taifa ya kudhibiti magonjwa, na kukisambaza kwa maabara za majimbo mapema Februari. Kikaonekana kina kasoro katika kimojawapo cha vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, na maabara nyingi hazikuweza kukitumia. Wakati huo vyuo vikuu na maabara binafsi zilikuwa haziruhusiwi kutumia vipimo vyao bila idhini maalumu. Kizuizi hicho kililegezwa tarehe 29 Februari, siku ileile Korea ilipokuwa kwenye kilele chake. Sayansi ya nchi hizo mbili haikupishana sana. Korea ilikuwa imejifunza kwa uchungu mwaka 2015, MERS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, ulipoingia na kuua watu 38 kati ya wagonjwa 186, na baada ya hapo ikabadilisha sheria ili vipimo vipya viidhinishwe kwa dharura.

Lipo kosa jingine la upimaji ambalo lilirudiwa karibu kila mahali, na naliona kubwa kuliko upungufu wa vifaa. Ni mwongozo unaosema apimwe nani. Tarehe 20 Februari, katika hospitali ya Codogno kaskazini mwa Italia, daktari Annalisa Malara alikuwa na mgonjwa wa miaka 38 mwenye homa ya mapafu iliyokataa dawa zote. Mwongozo ulitaka wapimwe wenye uhusiano na China, na huyu hakuwa amefika China. Malara aliomba kibali cha kumpima hivyohivyo, nje ya utaratibu. Majibu yakatoka: ana korona. Kuanzia hapo Italia ikaanza kutazama mahali ambapo ilikuwa haitazami, na ndani ya siku chache wagonjwa wakawa mamia. Siku 6 baadaye jambo lilelile lilijitokeza California, ambako mgonjwa mahututi alikaa siku kadhaa bila kupimwa kwa sababu hakuwa amesafiri. Ukitafuta ugonjwa kwa wasafiri peke yao, utaukuta kwa wasafiri peke yao, na utajipa moyo bure.

Kuna wanaosema njia hii ni ya matajiri. Nawakumbusha Lagos, 2014. Tarehe 20 Julai msafiri mwenye Ebola alishuka uwanja wa ndege akitokea Liberia. Hospitalini, daktari Ameyo Adadevoh alimkatalia kuondoka licha ya shinikizo, na yeye mwenyewe akaambukizwa na kufariki. Nigeria ilihamishia kwenye Ebola wataalamu na kituo cha uratibu kilichokuwa kikipambana na polio. Waliorodheshwa watu 894 waliokaribiana na wagonjwa, na wafuatiliaji wakawatembelea majumbani, ana kwa ana, karibu mara 18,500. Wagonjwa wote nchini walikuwa 20, waliofariki 8. Oktoba 20 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Nigeria haina tena Ebola. Kazi ile ilifanywa na watu wenye orodha, vipimajoto na nauli.

Ukweli ni kwamba Ebola husaidia kufuatiliwa, kwa kuwa mtu haambukizi kabla ya kuonyesha dalili. Korona haikuwa hivyo. Katika kijiji cha Vo', Italia, ambako karibu wakazi wote walipimwa, zaidi ya 40% ya walioambukizwa hawakuwa na dalili. Ugonjwa wa namna hiyo hufuatiliwa ukiwa bado mdogo tu. Uingereza ilipoacha kupima watu wa mitaani tarehe 12 Machi, wagonjwa walikuwa wameshauzidi uwezo wake.

Na gharama ya faragha isifichwe. Korea ilitumia data za simu, kadi za benki na kamera, kisha ikawatangazia watu nyendo za wagonjwa. Mei 2020 mlipuko kwenye vilabu vya usiku vya Itaewon uliwafanya watu wa mapenzi ya jinsia moja waandamwe, wengi wakaogopa kujitokeza, mpaka jiji la Seoul likaanzisha upimaji usiotaja jina. Ufuatiliaji unaomfedhehesha mgonjwa humfundisha anayefuata ajifiche.

Kufungia watu wote ndani

Hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote mwaka 2020, na ndiyo inayozungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

New Zealand ilitangaza ngazi 4 za tahadhari tarehe 21 Machi, ikaeleza kila ngazi inaruhusu nini na inakataza nini, na ikaingia ngazi ya juu usiku wa tarehe 25. Tangazo la kufunga lilipotoka kulikuwa na wagonjwa 102 na hakuna aliyekuwa amefariki. Ruzuku ya mishahara ilikuwa imetangazwa tayari, siku chache kabla. Juni 8 nchi ilirudi ngazi ya 1, maisha karibu ya kawaida ndani ya mipaka iliyofungwa, na hadi mwaka unakwisha ilikuwa imepoteza watu 25.

India ilifunga ikiwa na wagonjwa kama 500 kati ya watu zaidi ya bilioni 1.3. Kwa hesabu ya siku, hiyo ni mapema sana. Waziri Mkuu Narendra Modi alihutubia taifa saa 2 usiku tarehe 24 Machi, na amri ikaanza saa 6 usiku uleule. Muda wa saa nne tu. Mamilioni ya vibarua waliohamia mijini walikosa ujira, kodi ya chumba na usafiri kwa mpigo mmoja, kwani treni na mabasi vilisimama. Wakaanza kutembea kurudi vijijini, mamia ya kilomita, na watoto mabegani. Wapo waliokufa njiani. Siwezi kuiita hiyo hatua ya mapema kwa maana inayofaa kusifiwa. Iliwahi kwa tarehe tu. Fedha ya kujikimu, chakula na usafiri vingepaswa kutangulia amri.

Italia ilikosea kwa namna nyingine. Ilianza vizuri, kwa kuifunga miji 11 yenye watu kama 50,000 mara baada ya Codogno. Kisha Machi 7 rasimu ya amri ya kuifunga Lombardia yote ikavuja kwenye vyombo vya habari kabla haijasainiwa, na usiku ule watu wakakimbilia vituo vya treni kwenda kusini. Siku 2 baadaye nchi nzima ikafungwa. Vietnam, kwa kulinganisha, iliizingira kata ya Sơn Lôi, yenye wakazi zaidi ya 10,000, Februari 13 ikiwa na wagonjwa wachache, ikapeleka mahitaji ndani, na kuifungua baada ya siku 20. Vietnam haikuwa na kifo cha korona mpaka mwisho wa Julai 2020. Ni serikali yenye mkono mzito, na hilo lisisahaulike, lakini kufunga eneo dogo mapema ni chaguo lililo wazi kwa serikali ya aina yoyote.

Nguvu peke yake huharibu. Agosti 2014 Liberia iliuzingira mtaa wa West Point, Monrovia, wenye makumi ya maelfu ya watu, kwa polisi na askari, bila maelezo ya kutosha na bila chakula cha kutosha. Vurugu zilizuka, risasi zikapigwa, kijana mdogo akafariki. Serikali iliondoa kizuizi kabla wiki 2 hazijaisha. Kilichokuja kusaidia Liberia ni viongozi wa mitaa na vijana wa hapohapo waliopita nyumba kwa nyumba, watu waliojulikana na wanaowajua wagonjwa kwa majina.

Kuwaachia watu hiari

Uswidi na Norway zinafaa kupimwa pamoja kwa sababu zinafanana kwa mengi. Norway ilifunga shule na huduma nyingi tarehe 12 Machi 2020. Uswidi, ikiongozwa na ushauri wa Anders Tegnell wa Shirika la Afya ya Umma, iliacha shule za msingi wazi, ikapiga marufuku mikusanyiko mikubwa, na kwa mengine ikatoa ushauri na kuwaamini watu. Mwaka ulipokwisha, Uswidi yenye watu milioni 10 hivi ilikuwa na vifo zaidi ya 8,000. Norway, yenye watu zaidi kidogo ya nusu ya hao, ilikuwa na chini ya 500.

Wanaoipinga Uswidi huishia hapo, na wanaoitetea huanzia mwaka 2022, pale hesabu ya vifo vya ziada (vilivyozidi idadi ya kawaida) vya miaka mitatu inapoiweka miongoni mwa nchi zilizopata nafuu zaidi Ulaya. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ripoti ya tume ya Uswidi yenyewe ndiyo naiona imepima vizuri kuliko mabishano yote. Desemba 2020 ilisema nchi imeshindwa kuwalinda wazee, hasa kwenye nyumba za kuwatunza, ambako marufuku ya kuwatembelea iliwekwa mwanzoni mwa Aprili. Februari 2022 ikamalizia kwamba kutegemea hiari kulikuwa sahihi kwa msingi wake, ila hatua kali zaidi zilihitajika Februari na Machi 2020. Maana yake ni kwamba hata waliochagua njia laini walikiri kwamba mwanzo haukupaswa kuwa laini.

Hiari pia hudai vitu ambavyo havipatikani kila mahali: mtu anayelipwa akiugua, anayeweza kufanya kazi akiwa nyumbani, na anayeiamini ofisi inayomshauri. Pasipo hivyo, ushauri wa kukaa nyumbani humfikia mwenye akiba tu.

Haraka isiyo na shabaha

Nimeisifu haraka, kwa hiyo ni haki niseme inapopotoka. Mwaka 1976, baada ya askari mmoja kufariki kwa homa ya mafua ya nguruwe huko Fort Dix, Marekani, Rais Gerald Ford aliagiza chanjo kwa taifa zima. Watu zaidi ya milioni 40 walichanjwa. Janga halikuja, chanjo ikahusishwa na ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré kwa watu mamia, na mpango ukasimamishwa Desemba. Kutengeneza chanjo na kuiweka ghalani kulikuwa busara. Kuanza kuwadunga watu kabla ugonjwa haujaonekana unasambaa ndiko kulikozidi.

Misri, Aprili 2009, iliagiza kuchinjwa kwa nguruwe wote, kama 300,000, wakati mafua mapya ya H1N1 yalikuwa yanaenea kati ya watu na Misri haikuwa hata na mgonjwa. Walioumia ni wakusanya taka wa Cairo, waliokuwa wakiwafuga nguruwe hao kwa mabaki ya chakula. Taka zikalundikana mitaani, na virusi vikaingia baadaye kama kawaida.

Kusema au kunyamaza

Hapa naona tofauti kubwa kuliko ya kufunga na kufungua. Tarehe 3 Januari 2020 polisi wa Wuhan walimwita daktari Li Wenliang na kumwonya kwa kueneza uvumi, baada ya kuwatahadharisha madaktari wenzake. Kwamba ugonjwa unaambukiza kati ya mtu na mtu ilikuja kuthibitishwa hadharani tarehe 20 Januari. Kufikia tarehe 23 jiji la watu milioni 11 lilikuwa limefungwa. Li alifariki kwa ugonjwa huo Februari 7. Amri ile kali ya kuifunga Wuhan inasifiwa na wengi, lakini kabla yake zilipita wiki 3 ambazo madaktari wangeweza kusikilizwa.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020 na ikafunga shule mara moja. Tarehe 29 Aprili ilitoa takwimu zake za mwisho kwa muda mrefu, wagonjwa 509 na vifo 21, na kisha ikanyamaza mpaka uongozi ulipobadilika mwaka 2021. Wapo wanaoitetea kwa kuwa haikuwafungia watu riziki, na hoja hiyo ina uzito katika nchi ambayo wengi hula walichokipata siku hiyo. Ila kutofunga na kutosema ni maamuzi mawili tofauti. Ingewezekana kuacha masoko wazi na bado kutangaza kila jioni idadi ya waliopimwa, waliougua na waliofariki. Muuguzi anayeingia wodini anahitaji namba hizo, na familia inayoandaa mazishi pia.

Korea nayo iliwahi kunyamaza. Mwaka 2015 ilificha kwa zaidi ya wiki 2 majina ya hospitali zenye MERS, na wagonjwa wakaendelea kuhama kutoka moja hadi nyingine. Mwaka 2020 ilitoa taarifa mara 2 kwa siku.

Basi ichaguliwe ipi?

Kama serikali ina maabara na wagonjwa bado ni makumi, ichague kupima kwa upana na kufuatilia, na ivunje mapema sharti la kupima wasafiri peke yao. Kama ni kisiwa, iongeze mpaka. Kama wagonjwa wameshakuwa mamia na haijulikani wamewapata wapi, ifunge mikusanyiko mikubwa na maeneo yaliyoathirika siku hiyohiyo bila kungoja kilele, huku ikizilinda kwanza nyumba za wazee na wodi za hospitali.

Kama haina maabara za kutosha, ambayo ndiyo hali ya nchi nyingi (mapema Februari 2020 ni Senegal na Afrika Kusini pekee zilizokuwa na uwezo wa kupima korona barani Afrika), naegemea njia ya Lagos kuliko ya Delhi. Wafuatiliaji wa miguu, watu wa kuaminika wa mitaani, chakula kwa anayejitenga, na sampuli zipelekwe kwa jirani mwenye maabara. Kufungia nchi nzima kubaki kuwa hatua ya mwisho, fupi, na yenye fedha iliyokwisha kutengwa.

Njia yoyote itakayochaguliwa, isomwe tarehe yake ya mwisho. Machi 2020 serikali ya Norway iliomba mamlaka ya dharura kwa miezi 6. Bunge likaipa mwezi 1, na likajiwekea kwamba theluthi moja ya wabunge inatosha kuzuia kanuni yoyote itakayotungwa chini yake. Siku chache baadaye Bunge la Hungaria liliipa serikali yake mamlaka ya namna hiyo bila kikomo cha muda, na yalidumu mpaka Juni, serikali yenyewe ilipoamua. Nchi zote mbili zilikuwa zikikabili kirusi kimoja, na Norway haikupungukiwa na kitu kwa kulazimika kurudi bungeni kueleza.